Mapanki Hayatagi Mayai

Jumatatu, 1 Septemba 1997

Siku mbaya, lakini yenye matumaini. Mzee Machibya, Afisa Utawala wetu, ametuita ofisini kwake mimi na Deodatus. Hakutukaribisha viti. Hapo hapo nikajua. Hapa Nyakato kila kiwanda kimeshapunguza watu, na sasa zamu imefika kwetu, Kituo cha Kumbukumbu za Viumbe vya Ziwa. Chumba cha kompyuta kina wafanyakazi wawili. Mwisho wa mwezi atabaki mmoja.

Atakayeamua ni Dokta Justa. Mama huyu amerudi majuzi kutoka masomoni ng'ambo, na amekuja na programu ya kutunza maarifa. Ndani yake tunajenga mti wa viumbe vyote vya ziwa. Yeye anauita ontolojia. Kila kiumbe kina kisanduku chake kwenye kioo cha kompyuta, na kila kisanduku kinaning'inia chini ya kingine kwa uzi. Nyuzi ziko za namna mbili: "ni aina ya" na "ni sehemu ya". Sato ni aina ya samaki. Pezi ni sehemu ya samaki. Dokta Justa alirudia jambo hili polepole sana huku akinitazama mimi. Sijui kwa nini. Nilikuwa nimeelewa kabla hajamaliza, na nilikuwa nimeanza kufikiria mambo mengine.

Nikipunguzwa, najua pa kwenda, na hilo ndilo tatizo. Baba mkwe wangu, Mzee Mhoja, ana duka Misungwi. Kila Krismasi ananikumbusha kwamba kiti changu kipo, nyuma ya mizani ya sukari. Mke wangu Gladness ana wateja wake wa kushona hapa mjini na hataki kuhama. Mtoto wetu Queen ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza. Nami ukweni nimejitambulisha kama mkuu wa kompyuta zote za Kanda ya Ziwa. Kwa hiyo sipunguzwi. Nimeamua.

Jumanne, 2 Septemba

Nimemchunguza adui. Deodatus ni mtu wa Bukoba, mpole, anatafuna kahawa kavu moja moja na kufungua vitabu. Asubuhi nzima alikuwa anatafuta mahali pa kumtundika furu mmoja, kisamaki kidogo tu. Furu mmoja! Ziwa zima lina furu wasiohesabika, na yeye anamwangalia mmoja meno kama anayetaka kumwozesha binti yake.

Mimi nina njia nyingine. Pale chini ya kioo programu inaonyesha idadi ya visanduku. Dokta Justa ni mtu wa masomo, na watu wa masomo wanapenda idadi. Nimekwenda soko la samaki Mwaloni na kuandika kila kitu chenye jina na muuzaji. Sato. Ningu. Dagaa. Dagaa wa kukaanga. Sangara. Sangara wa moshi. Mabondo, yale mafuko ya hewa ya tumboni mwa sangara ambayo Wachina wanayagombania. Na mapanki, vile vichwa na mifupa vinavyobaki viwandani baada ya minofu kupanda ndege kwenda Ulaya. Mapanki tunayala nyumbani kwangu tangu mishahara ianze kuchelewa. Chakula kinacholisha nusu ya Nyakato hakiwezi kukosa kisanduku.

Nimerudi ofisini na kuvitundika vyote chini ya Samaki kwa uzi wa "ni aina ya". Programu haikubisha. Mzee Machibya aliingia, akavuta pumzi, akafungua dirisha. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba akiwa ameshafika mlangoni.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimempita Deodatus mbali. Alisogea kwenye kioo changu, akasoma, akaniuliza kwa upole samaki hawa wote nimewapata wapi. Nikamwambia utafiti. Akasema hongera. Hana wivu hata kidogo, kitu ambacho kwa mtu anayetaka kubaki kazini ni uzembe.

Mchana nimegundua jambo kubwa. Dokta Justa alikuwa akituonyesha kwamba kinachoandikwa kwenye kisanduku cha juu kinateremka chenyewe kwenye vyote vya chini. Ukiandika mara moja kwamba Samaki ana mapezi, basi sato ana mapezi, ningu ana mapezi, hakuna haja ya kurudia. Kila mtu alikuwa anafikiria mapezi. Mimi nilikuwa naangalia mstari wa mwisho wa kisanduku, ulioandikwa "Mtunzaji". Deodatus hajajaza jina lake popote. Anasema kazi kwanza.

Nilisubiri watu waende kula. Nikapanda juu hadi kwenye kisanduku cha Samaki, nikaandika: Mtunzaji, Nathaniel Chenge. Nikabonyeza. Nikashuka kuangalia. Sato, Nathaniel Chenge. Ningu, Nathaniel Chenge. Yule furu aliyemaliza asubuhi nzima ya Deodatus, Nathaniel Chenge! Sikuiba kitu. Programu imenirithisha.

Kwa kuwa nilikuwa tayari kule juu, nikakumbuka habari ya kamongo, yule samaki mrefu wa matopeni. Mama yangu hali kamongo. Wanawake wa kwetu Usukumani wa rika lake wanasema kamongo ni dada yao, na dada haliwi. Ni maarifa muhimu na Deodatus hawezi kuyajua. Nikaandika hapo hapo, "haliwi na wanawake", kabla watu hawajarudi.

Ijumaa, 5 Septemba

Kumbe programu ina amri ya ukaguzi. Unaibonyeza, inapita mti mzima, kisha printa inatoa makosa yote na jina la mtunzaji. Jumanne ijayo Dokta Justa anakuja na wageni wa wizara kutoka Dar, na ataibonyeza mbele yao. Leo nimejaribu mwenyewe, chumba kikiwa kitupu, nipate kuona sifa zangu mapema.

Printa ilipiga kelele kama mashine ya kusaga. Karatasi ikatoka, ikaendelea kutoka, ikafika sakafuni. "Mapanki hutaga mayai. Mtunzaji: Nathaniel Chenge." "Mapanki hupumua kwa mashavu. Mtunzaji: Nathaniel Chenge." "Mabondo yana mapezi. Mtunzaji: Nathaniel Chenge." Sangara wa moshi huogelea. Dagaa wa kukaanga huzaliana kwa wingi. Makosa machache ya Deodatus nayo yalikuwa na jina langu.

Na chini kabisa ikaandika kwamba hakuna samaki yeyote ziwani anayeliwa na wanawake. Nilichungulia mlangoni. Dokta Justa alikuwa mezani kwake anakula kambare na ugali.

Nimeikunja karatasi yote na kuiweka ndani ya shati. Nimetembea hadi nyumbani nikiwa mnene.

Jumamosi, 6 Septemba

Deodatus amefiwa na shangazi yake. Ameondoka jana jioni kwa meli ya Bukoba na atarudi Jumanne. Nimesikitika sana. Kisha nimechukua ufunguo nikaenda ofisini.

Mpango mwepesi. Nimepanda hadi kisanduku cha Samaki, nimefuta jina langu, nimeandika Deodatus. Makosa yote yamehama kwa pamoja, bila kelele, kama wapangaji wasiolipa. Nilikuwa nakaribia kuzima kompyuta nilipopata wazo baya. Mapanki. Jumanne Mzee Machibya alininusa. Hakuna mtu katika kituo kile atakayeamini kwamba Deodatus alikwenda Mwaloni kuandika mapanki. Lazima niyaondoe mapanki, mengine nimwachie yeye.

Nikaukata uzi wa "ni aina ya" na kufunga wa "ni sehemu ya", mapanki kwa sangara. Nikakagua. Mapanki yameacha kutaga mayai! Nilicheka peke yangu. Basi nikafanya na mabondo. Halafu nikakwama kwenye sangara wa moshi. Si aina ya sangara, maana akiwa hai hana moshi. Si sehemu yake pia. Nilikaa sana nikimfikiria. Mwisho nikatengeneza kisanduku kipya pembeni, cha namna za kuhifadhi samaki, nikaweka humo moshi, kukaanga, chumvi na jua, na nyuzi zikaenda kwa kila anayehusika. Kila kitu kikakaa mahali pake.

Shimba, mlinzi wetu, alipita dirishani akasema pole na kazi. Nilimwambia asante. Nilisahau mazoezi ya kwaya. Nilisahau hata kula.

Jumapili, 7 Septemba

Sikwenda kanisani. Nilimwambia Gladness kazini kuna jambo la haraka, na kwa mara ya kwanza ilikuwa kweli.

Nimeshughulika na kamongo. Kwanza nimelitoa lile neno juu kwa Samaki, nikampa kamongo peke yake. Halikukaa vizuri. Kamongo mwenyewe hana habari na mama yangu. Mwiko ni wetu, haumo mwilini mwa samaki. Nimetengeneza kisanduku cha mila za watu wa ziwa, na kukifunga kwa kamongo kwa uzi mpya niliouita "humhusu". Dokta Justa hakutufundisha uzi huo. Programu ikaukubali, nami nikasimama nikatembea chumbani mara kadhaa, kwa furaha tu.

Nimekuta Deodatus naye amekosea. Furu wawili wanaokula konokono amewatundika kwa wale wa kula majani. Nimewarudisha kwao. Sijui kwa nini nimefanya hivyo, maana makosa ya Deodatus yalikuwa mtaji wangu.

Jioni nikabonyeza ukaguzi. Printa ikatoa mstari mmoja: "Makosa: hakuna". Niliuangalia kwa muda mrefu.

Nyumbani Gladness aliniuliza nina nini, natabasamu na sahani ya mapanki. Nilimweleza yote, habari ya kamongo na ya sangara wa moshi, na alisikiliza hadi mwisho. Kesho nitarudisha jina langu juu, na mti huu safi utakuwa wangu.

Jumatatu, 8 Septemba

Mgawo wa umeme. Hakuna umeme Nyakato nzima tangu asubuhi hadi jioni. Nimekaa mbele ya kioo cheusi nikijiona sura.

Juu ya hilo, Mzee Machibya amebandika tangazo. Amegundua karatasi za printa zimepungua. Aliyeingia chumba cha kompyuta Jumamosi au Jumapili bila ruhusa ataachishwa kazi bila kiinua mgongo. Tulilisoma wote tukiwa tumesimama. Nilitikisa kichwa kwa masikitiko kuliko mtu yeyote.

Jumanne, 9 Septemba

Nimewahi kufika. Wao wamewahi zaidi. Dokta Justa alikuwa tayari ndani na wageni watatu wa wizara, na kompyuta imewashwa. Akabonyeza ukaguzi. "Makosa: hakuna". Akafungua kisanduku cha mila. Akaufuata uzi wa "humhusu" kwa kidole kwenye kioo, akawaeleza wageni kwamba jambo hili yeye mwenyewe lilimshinda alipokuwa chuoni.

Mgeni mmoja aliuliza mtunzaji ni nani. Kila kisanduku kikajibu: Deodatus.

Naye akaingia saa hiyo hiyo kutoka bandarini, na begi lake na mkungu wa ndizi. Wageni wakampigia makofi. Akageuka nyuma kuangalia nani anapigiwa. Alipoelezwa, alisema yeye alikuwa msibani tangu Ijumaa na hajui lolote. Wageni wakamsifu pia kwa unyenyekevu.

Nilipiga makofi hadi viganja vikauma. Machozi yalinilenga. Mzee Machibya aliniambia ni vizuri kumfurahia mwenzako.

Jumatano, 10 Septemba

Leo ilibaki kidogo wanikamate. Nashukuru akili zangu.

Niliitwa ofisini kwa Mzee Machibya. Dokta Justa alikuwepo, na Shimba mlinzi amesimama ukutani na kofia mkononi. Nikaona wazi ni mahakama. Dokta Justa alizungumza taratibu, kama mtu anayemwita kuku.

"Nathaniel, kuna mtu aliyerekebisha mti Deodatus akiwa Bukoba. Ni wewe?"

"Si mimi, Dokta. Sijagusa."

Akasema hataki kumwadhibu mtu, anataka kumjua tu. Ndivyo wanavyoanza siku zote. Akamgeukia Shimba, na Shimba akasema bila aibu kwamba aliniona mimi, siku zote mbili, nimeinama kwenye mashine, na alinipa pole na kazi.

Nilimshughulikia Shimba barabara. Nilimuuliza alikuwa umbali gani. Nilimuuliza kama kioo cha dirisha lile ni kisafi. Nilimuuliza nilivaa shati gani. Akasema la bluu lenye maua ya njano, na kweli ndilo. Hapo mtu mwingine angeanguka. Mimi nilimkumbusha Mzee Machibya kwamba tangu mitumba ifunguliwe, nusu ya Mwanza inavaa mashati ya aina moja. Hata yeye Mzee, kwa heshima zote, nimeshamwona na shati la maua. Mzee Machibya alikubali kwamba analo. Nikamaliza kwa kusema kwamba Jumamosi nilikuwa kwaya na Jumapili kanisani, na kwamba kwa uelewa wangu mdogo wa programu ile nisingeweza kurekebisha chochote hata nikitaka.

Hilo la mwisho lilimwingia Dokta Justa. Alisema kweli, hata yeye alikuwa na wasiwasi huo. Nilitoka nikiwa mwepesi. Shimba hakunisalimia getini.

Ijumaa, 12 Septemba

Barua imetoka. Deodatus anabaki. Mimi napunguzwa kuanzia leo, bila kusubiri mwisho wa mwezi, na kiinua mgongo changu chote kipo salama, jambo ambalo nimemwonyesha Gladness kama ushindi. Gladness aliisoma barua, akakaa kwenye cherehani bila kushona.

Jioni Deodatus alikuja nyumbani na ndizi. Alikaa barazani, akakataa soda, akasema maneno ya ajabu. Kwamba wageni wamependezwa sana na mti, wameamua nafasi zibaki mbili. Kwamba ya pili imewekwa kwa ajili ya aliyerekebisha, maana huyo ameielewa kazi kuliko wao wote. Kwamba tangazo la Mzee Machibya limeshabanduliwa.

"Bwana Nathaniel, kama ni wewe, sema tu. Nitakusindikiza mwenyewe kwa Dokta."

Nilimtazama usoni. Mpole vile vile. Sasa nimemjua! Nafasi ameshapata, na bado anataka na kiinua mgongo changu kipotee. Nilimshukuru kwa ndizi. Nilimwambia huyo aliyerekebisha, akipatikana, anisalimie.

Baada ya kuondoka, Gladness aliongea kwa sauti ya chini, akikunja kitambaa.

"Baba Queen, lakini si ulikuwa kule?"

Nilimwomba asirudie maneno hayo hata mbele ya mtoto.

Jumatatu, 15 Septemba

Mtego mkubwa kuliko yote, na nimeupangua.

Dokta Justa amekuja mwenyewe hapa nyumbani saa nne asubuhi, kwa gari la kituo. Alikataa kiti akakaa kwenye kigoda, karibu na masufuria. Alisema leo mchana anapeleka Dar jina la mtu wa pili, na asipokuwa na jina nafasi inafutwa. Akasema kila akiuangalia ule uzi wa kamongo anaona ni kazi ya mtu ambaye mama yake ni Msukuma. Ushahidi wa kizembe! Mwanza yote hii mama zao ni akina nani?

"Nathaniel, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Sema ndiyo, tuondoke wote."

Tuondoke wote. Kwa gari. Nilijua tunakopelekana.

Lakini nilikuwa nimejiandaa. Tangu jana nilikuwa nimemwomba Bwana Mihayo, mwalimu wetu wa kwaya, apite asubuhi, na sasa nilimwita kutoka kwa jirani. Huyu ni mtu wa Mungu na hawezi kusema uongo, kwa hiyo nilimuuliza kwa uangalifu: anaweza kuapa kwamba Jumamosi ile sikuwepo mazoezini? Akasema hawezi kuapa, maana mimi hukaa nyuma kwenye besi, na tangu nijiunge na kwaya hajawahi kunisikia. Nikamtazama Dokta Justa. Nikamwacha apime mwenyewe.

Gladness alitoka ndani na kusimama mlangoni. Alifungua mdomo. Nilikohoa kwa nguvu hadi akafunga.

Dokta Justa aliinuka, akapangusa sketi. Alisema basi, ameamini, na aliomba radhi kwa kunisumbua. Ameomba radhi! Mbele ya mashahidi wawili. Gari lilipoondoka nilimshika mkono Bwana Mihayo na kumshukuru. Nimekanusha ofisini, nimekanusha barazani, nimekanusha jikoni, na hawakupata kitu.

Gladness ameniuliza kama nina hakika. Nimemwambia anapaswa kujivunia. Ameingia ndani, na naona ameanza kufunga cherehani kwa kamba. Mzee Mhoja ameshatuma salamu kwamba mizani imefutwa vumbi. Njiani nitafikiria namna ya kumweleza kwamba nimekuja kukagua tawi. Basi la Misungwi linaondoka kesho saa mbili asubuhi.